Tupeane uzoefu: biti ya kinanda ilipokugeuka mbele za watu

Kinanda wa Gungu: Leo mazoezini kijana kashangaa biti, yaani kinanda kinapiga besi na ngoma chenyewe, mkono wa kushoto unashika kodi tu (noti kadhaa za kupigwa pamoja). Nikakumbuka harusi moja Kasulu. Mwageni na zenu.

Sauti ya Kwanza, Ujiji: Kasulu nilikuwepo 😂 Simulia.

Kinanda wa Gungu: Maharusi wanaingia. Doh ni E flati, lakini jamaa yetu anajua C tu, kwa hiyo kaweka transipozi +3, kinanda kinampandishia chenyewe nusu toni tatu. Rumba inatembea. Umeme pap! Kwaya haikunyamaza. Umeme ukarudi, akawasha, akashika kodi. Lahaula! Transipozi imerudi sifuri na biti imekuwa ile ya kiwandani. Kinanda kiko nusu toni tatu chini ya waimbaji. Besi wakakifuata, soprano wakagoma. Bibi harusi kasimama katikati ya njia, hajui aingize mguu upi. Shangazi mtu akaona aibu hii, akapiga kigelegele, kanisa zima likaitikia, kinanda hakikusikika tena hadi altareni.

Mzee wa Ipuli, Tabora: Ndiyo maana sisi tunapiga mikono yote miwili. Biti ni ya wavivu.

Sauti ya Kwanza, Ujiji: Mzee wangu shikamoo, ila sisi hatuna mpiga ngoma wala besi. Tupige makofi?

Mzee wa Ipuli, Tabora: Marahaba. Makofi yana ubaya gani?

Fundi Mwanga: Acheni malumbano. Weka betri humo hata ukiwa na umeme, ukikatika una pa kukimbilia.

Kwaya ya Vijana, Nzega: Betri zikivuja zinaoza kinanda. Jifunzeni E flati, transipozi ni mkongojo.

Urambo Mjini: Mnaoazima vinanda, angalieni kodi za kidole kimoja, zile unabonyeza ufunguo mmoja au miwili kinanda kinakujazia kodi nzima. Yamaha, maina (kodi yenye sauti ya huzuni) ni ufunguo wa kodi pamoja na mweusi wa kushoto kwake. Casio unaongeza wowote wa kulia, maana noti ya chini kabisa ndiyo jina la kodi. Ukitaka A maina kwa mtindo wa Yamaha kwenye Casio, inatoka G shapu maina. Kwaya nzima inakugeukia.

Kwaya ya Vijana, Nzega: Hayo baadaye. Huyo shangazi yuko wapi siku hizi? Tuna harusi mwezi ujao.

Sauti ya Kwanza, Ujiji: Kasulu hukohuko. Anaalikwa kuliko kwaya.

Katubuka: Samahani kuingilia, Kigoma mjini adapta napata wapi?

Fundi Mwanga: Soma kwanza nyuma ya kinanda. Kuna za volti 9 na za 12, wasikuuzie yoyote tu.