Jenetiki mwaka wa tatu: nitapimaje ugumu wake kabla ya kusajili?

Kijana wa Masasi
Wakuu, salaam. Nasomea ualimu wa sayansi, Baiolojia na Kemia. Niko likizo nyumbani: mchana tunapuliza salfa kwenye mikorosho, usiku nafungua madaftari. Mwaka wa tatu natakiwa kuchagua kozi moja ya hiari, jenetiki ya makundi ya viumbe au ikolojia ya bahari. Waliotangulia wanasema jenetiki ni supu tupu, yaani mitihani ya kurudia. Ila mimi jenetiki ya Mendel, ile ya sifa kurithiwa toka kwa wazazi, niliipenda sana. Nitajuaje kama naiweza?

Mtu wa Mikindani
Chukua bahari, mdogo wangu. Supu inakula likizo nzima.

Mwalimu, Newala
Mdogo wangu, usihesabu waliopata supu, waulize walikwama wapi. Kisha tafuta mitihani ya nyuma usome vitenzi vyake. "Taja" na "orodhesha" utazipigia msuli. "Kokotoa" na "tetea jibu lako" hazikaririki. Na bahari nayo ina takwimu zake, asikudanganye mtu.

Jipime usiku huu. Tuseme katika kila watoto 100 wanaozaliwa, mmoja ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa mwenye jeni mbili za sikoseli, moja toka kwa kila mzazi. Wangapi wamebeba jeni moja tu, bila kuumwa? Iite q sehemu ya jeni zote iliyo ya sikoseli, na p ile iliyo ya kawaida. Wenye mbili ni q², yaani 0.01, hivyo q ni 0.1, p ni 0.9, na waliobeba moja ni 2pq, yaani 0.18. Watoto 18. Hesabu hiyo hata wanafunzi wangu wa sekondari wanaifuata.

Sasa endelea. Ugonjwa huu huua watoto wengi wasiotibiwa, mbona jeni haijaisha huku kwetu? Kwa sababu aliyebeba moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Lakini kanuni ya Hardy na Weinberg ya mwaka 1908, ndiyo tuliyopatia 18, inataka uteuzi asilia usiwepo, yaani jeni isimfanye mtu aishi au afe kuliko wengine, na sisi tumeshaukuta. Je, 18 inasimama? Swali hilo la mwisho ndilo la mwaka wa tatu. Likikukosesha usingizi kwa raha, kozi ni yako. Likikuchosha, nenda baharini kwa amani.

Kijana wa Masasi
Shikamoo mwalimu. Nimelilalia. Naona kwa wanaozaliwa, 18 inakaribia kama wazazi walioana bila kuchaguana kwa jeni hiyo. Ukipima watu wazima, waliobeba moja watazidi 18 katika kila 100, maana wenye mbili wengi wamefariki na wasio nayo malaria imewapunguza.

Mwalimu, Newala
Marahaba. Sajili jenetiki. Ila anza na takwimu sasa hivi, hasa jaribio la kai-skwea, la kulinganisha idadi uliyoikuta na uliyoitarajia. Wengi niliosoma nao hapo ndipo walipoangukia, jenetiki yenyewe walikuwa wanaijua.