Nahama Soweto Mbeya mwisho wa mwezi, nataka niufaidi mtaa kabla sijaondoka. Nianzie wapi?

Ticha wa Mafiati
Wakuu habari za usiku, poleni na baridi mlioko huku juu. Iko hivi, nimepata uhamisho naenda Dodoma, mwezi ujao natakiwa niwe nimesharipoti, na mtaa naouacha ni Soweto hapa Mbeya, nimepanga hapa tangu nimalize chuo, yani utu uzima wangu wote umeishia kati ya Mafiati na Kabwe. Mizigo hainipi presha, nshaongea na jamaa ana kenta inashusha viazi Dodoma, atanibebea na vitu vyangu. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote nimeishi hapa kama mpangaji wa usiku tu. Asubuhi bajaji kwenda shule, jioni bajaji kurudi, Jumamosi kufua, Jumapili kanisani alafu kusahihisha madaftari. Mlima Loleza nauona kila nikianika nguo na sijawahi kusogea hata miguuni kwake. Uwanja wa Sokoine nimeingia siku moja na ulikua mkutano sio mpira. Soko la Mwanjelwa naenda ila ni mbio mbio nyanya vitunguu nimetoka.

Sasa wikiendi zilizobaki nataka nizile vizuri. Msiniambie ufukwe wa Matema, huko ntaenda likizo kama watu wengine. Nauliza MTAA. Nyie mliowahi kuhama mahali mnapapenda mlifanya nini wiki za mwisho? Bajeti ni ya mwalimu tafadhali.

kimondo_original
Mbozi kaone kimondo, rudi ziwa Ngosi, malizia Daraja la Mungu kule Kiwira. Mtu kukaa Mbeya bila kuona kimondo ni aibu ya taifa

Fundi Geji
@kimondo_original dada kasema mtaa kwa herufi kubwa kabisa. Alafu Mbozi ni mkoa wa Songwe tangu 2016, unamtoa mtu mkoani ili akaage Soweto 😂

kimondo_original
Mkoa ndio uligawanywa, kimondo hakikuhama. Tani zaidi ya 10 zile nani azibebe

Mama Watatu
Mdogo wangu ticha, mie nilikaa Sae miaka mingi sikuizi niko Morogoro kwa mume, nakwambia kitu kimoja tu ukifanye vizuri, Mwanjelwa. Sio ile ya nyanya mbio mbio unayosema. Amka Jumamosi alfajiri kuna baridi bado, vaa kitenge juu ya sweta, nenda wanapofungua mabelo ya mitumba. Ukifika utaona watu wamesimama wamezunguka belo hawasemeshani, jamaa anachomoa kisu anakata zile kamba za plastiki, moja, mbili, belo linaachia lenyewe linapanda juu, ile harufu ya mitumba inakupiga puani na kabla hajamwaga chini kuna mikono imeshaingia mpaka kwenye kiwiko. Hakuna anaeongea pale. Kila mtu anapapasa kitambaa kwa vidole bila hata kuangalia, mwanamke wa Mbeya anaijua sufu kwa kushika tu. Dakika chache nguo za maana zishaondoka alafu ndo kelele zinaanza, njoo mama njoo dada, na bei inaanza kushuka, mpaka mchana kuna fungu la jero jero ambalo na lenyewe ukilipekua kwa uvumilivu hutoki mikono mitupu.

Hilo soko wengi mnalipita tu. Lile la zamani liliteketea 2006, watu walilala na maduka wakaamka hawana kitu, wakatawanyika, wengi wakaenda soko la SIDO, na SIDO nayo ikaja kuungua, na bado ukienda leo unakuta mtu kapanga viatu vyake kwa saizi. Kama hujawahi kukaa na mmoja wao akakuhadithia kaa nae, nunua kitu kwanza lakini, hawapendi maswali ya bure.

Alafu jaketi zito usinunue la Dodoma utalitundika tu. Ila sweta nyepesi moja chukua, ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa 6 na wa 7 usiku watu hawausemi.

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene ticha. Mimi nilitoka Kihesa Iringa nikaja Dar. Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, kabla ya kwenda popote ANZA KUAGA. Sio siku ya mwisho kenta imewashwa unapunga mkono dirishani, hapana, aga sasa hivi, wiki tatu kabla ukiweza. Mwenye nyumba anajua tayari, nenda kwa balozi wako, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa (barua ya utambulisho ya kuhama usiisahau, unaweza kudaiwa huko uendako), nenda dukani lipa deni hata kama ni la vocha, nenda kwa wale wa daftari la misiba uwaambie mchango wako wa mwisho ni upi ili jina lifutwe kwa heshima. Mtu akihama kimya mtaani kwetu wanasema kakimbia deni hata kama hadaiwi mia.

Sasa uzuri wake uko hapa. Ukishaaga mtaa unabadilika. Mama jirani ambae miaka yote mlikua mnasalimiana getini tu anakuita ule kwake. Fundi viatu anakwambia kaa hapo nikushonee hiyo soli bure. Mzee wa nyumba ya kona ambae nilidhani mkali alinikalisha kibarazani na kopo la ulanzi, ilikua msimu, akanionyesha mtaa ulipoanzia nyumba kwa nyumba, nani alijenga kwanza, wapi palikua shamba la mahindi. Ningekaa pale miaka mingine kumi bila kuaga nisingeyasikia. Na jiwe la Gangilonga nilipanda pia jioni moja, ni zuri mji wote unauona, ila nakwambia ukweli pale juu nilikuta watu wanapiga selfi nikashuka.

Fundi Geji
Kuaga mapema ni sawa ila jiandae, siku ya pili wanakuja kuulizia friji utaiuza bei gani, na godoro. Mimi nlimaliza wiki nakalia ndoo nyumba ishakua tupu

Mnyalu wa Kihesa
@Fundi Geji hahaha hilo ni kweli kabisa. Kiti kimoja na sufuria moja unazificha uvunguni

Kona ya Zambarau
Mbona hakuna alieongelea mpira?? Dada Sokoine ni LAZIMA. Angalia ratiba, kama Mbeya City ama Prisons wana mechi nyumbani nenda, na usikae jukwaa kuu kaa mzunguko na wananchi. Hujui Mbeya City ilivyoushika huu mji msimu wa 2013/14, ndo kwanza imepanda ligi kuu na ikamaliza ya tatu, bajaji zilifungwa vitambaa vya zambarau, wamama wa sokoni walikua wanafunga biashara saa nane siku ya mechi. Sikuizi sio vile na mimi nawalaumu viongozi lakini tuyaache. Mzunguko kuna karanga za moto kwenye kikoni cha gazeti, kuna mzee mmoja hajawahi kumuita kocha kwa jina zuri, kuna mvua itakayokukuta bila paa. Ukitoka hapo tembea kwa miguu hadi Mafiati na umati usipande chochote. Hiyo ndo Mbeya.

Ilemi Juu
Kuhusu Loleza nasisitiza usipande peke yako na usipande kichwa kichwa mpaka kwenye minara, kule juu kuna mitambo na hawapendi wageni, uliza kwanza kama inaruhusiwa. Ni zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, sio kilima cha kwenda na ndala, na ukungu ukishuka huoni hata miguu yako. Kama unachotaka ni kuuona mji kwa juu tu panda gari ya Chunya, barabara inavyopanda kuelekea msitu wa Kawetere mji unabaki chini. Kaa dirishani wakati wa kwenda, nenda asubuhi kabla mawingu hayajajaa, beba mahindi ya kuchoma. Nauli tu ndo gharama.

Alafu kula chips za viazi vya huku mpaka uchoke. Dodoma kuna chips ndio ila utaniambia.

Ticha wa Mafiati
Jamani ndaga fijo (asanteni sana), mmenifanya nimelia kidogo kwenye bajaji. Nimeanza na ya Mnyalu jana, nimeenda kwa balozi, nikapitia kwa mama wa maandazi hapa kona ambae kila asubuhi namnunulia mawili navuka barabara. Nilipomwambia nahama akaweka mwiko pembeni akaniuliza "na hao watoto wako wa la tatu umewaachia nani?" kumbe mjukuu wake namfundisha mimi, mwaka wa pili huu, na hakuwahi kusema eti asije akaonekana anaomba upendeleo. Kanialika Jumapili nyumbani, kasema anapika mbalaga, zile ndizi za kupika. Kwahiyo Jumapili imeshajaa.

Jumamosi hii belo, Mama Watatu ntakuletea mrejesho wa sufu. Mpira nimeangalia ratiba kuna mechi nyumbani kabla sijaondoka, Kona ya Zambarau ntakaa mzunguko ila mwavuli nabeba. Chunya naomba mtu wa kwenda nae. Na friji SIUZI, Fundi Geji acha kunitafutia wateja.

Fundi Geji
Nilikua naulizia tu bei dada, hamna ubaya

Msaka Geto
Samahani kwa kuingilia uzi. Hiyo nyumba unayoiacha Soweto ni chumba na sebule au? Kodi ngapi kwa mwezi, na anachukua miezi mitatu au sita? Niko Uyole nauli ya kuja kazini Kabwe inanimaliza

Ticha wa Mafiati
Chumba, sebule na jiko, choo ndani. Anachukua sita hapunguzi. Bei nicheki inbox. Luku ni yako mwenyewe hushei na mtu.

Msaka Geto
Nashukuru dada nakuja inbox sasa hivi. Na maji vipi, yanatoka?

Ticha wa Mafiati
Usiku. Uwe na diaba.