Tresingi ya kufunikia kadi za harusi: tona inabanduka, mkunjo unaacha mstari mweupe

mama_kadi_mwanza

Wakuu, habari za kazi. Nina oda ya kadi 200 za harusi. Kadi yenyewe ni ngumu, gramu 300 kwa mita ya mraba, rangi ya maziwa, saizi ya sentimita 12.7 kwa 17.8. Bibi harusi anataka ifunikwe na karatasi ya tresingi, ile inayoonyesha kwa mbali, ikunjwe kushoto na kulia mpaka pande mbili zikutane mbele. Juu yake yakae majina yao kwa dhahabu na tarehe kwa rangi ya damu ya mzee.

Nimenunua tresingi za A4 za gramu 90 na gramu 112. Nina printa ya wino wa matangi na printa ya leza ya rangi. Kwenye ya wino herufi zinatoka safi, lakini asubuhi hadi jioni ukipitisha kidole bado zinachafuka, na penye rangi nyingi karatasi inafanya mawimbi. Kwenye ya leza inatoka kavu ila imejiviringisha kama mkeka, dhahabu inakuwa rangi ya ugoro, na nikikunja, tona (wino wa unga wa leza) inabanduka palepale kwenye mkunjo. Mkunjo nao unaacha mstari mweupe. Gundi inaonekana kwa mbele kama doa la maji.

Fundi wa printa ananishauri nizinyooshe kwa pasi. Jirani yangu wa steshenari anasema nitumie karatasi ya kuokea keki, ni nafuu. Binti huyu amelelewa na mama yangu mdogo, kwa hiyo kazi hii ninaitaka itoke vizuri kweli. Naomba aliyeifanya kwa mikono yake anielekeze.

skrini_temeke

Mama Kadi, sisi wa skrini, tunaochapa kwa kusukuma wino upenye kitambaa, tresingi tunaijua kwa kazi nyingine: tunaprinti kazi juu yake kwa tona nyeusi nzito, tunailaza juu ya skrini iliyopakwa dawa inayoganda kwa mwanga, tunapiga mwanga. Lakini hata kuichapa yenyewe inawezekana, na kwa dhahabu mimi nakushauri skrini moja kwa moja. Tumia wino wa mafuta, wa maji uache kabisa kwa sababu utakupa mawimbi yaleyale. Kitambaa cha skrini kiwe cha nyuzi 120 kwa sentimita, ili herufi nyembamba za majina zisizibe wala wino usijae. Halafu tandaza moja moja kwenye waya au rafu mpaka kesho yake. Usizipange juu ya nyingine, karatasi hii hainywi wino, utakausha juu kumbe chini bado mbichi.

Ukitaka kitu cha tofauti, mwonyeshe bibi harusi wino mweupe. Mweupe juu ya tresingi, chini kadi ya rangi iliyokolea, ni kazi ya heshima sana, na printa ya kawaida haina rangi hiyo.

mzee_wa_ofseti

Mama Kadi, hongera kwa kazi, na umefanya vema kuuliza kabla ya kukata karatasi zote. Nimefanya kazi ya uchapaji Dar es Salaam tangu enzi za kupanga filamu kwa mkono, na hii karatasi naipenda kuliko nyingi. Ila lazima uijue ilivyoumbwa.

Karatasi ya kawaida ni nyeupe kwa sababu ya hewa iliyomo kati ya nyuzi zake. Mwanga unapita kwenye uzi, unakuta hewa, unatawanyika. Tresingi rojo lake limesagwa muda mrefu mno, mpaka nyuzi zimeshikana na hewa imetoka, ndiyo maana mwanga unapita. Shida zako zote zinatoka hapo. Hakuna vitundu, kwa hiyo wino hauna pa kuzama. Nyuzi zimebanana, kwa hiyo unyevu ukiingia au kutoka upande mmoja tu, karatasi nzima inavutika. Na huo mstari mweupe wa mkunjo si uchafu: umezitenganisha nyuzi na hewa imerudi. Ukiona hivyo hutahangaika kuufuta, maana haufutiki.

Pasi usiiguse. Ndani ya printa ya leza karatasi inapita kwenye fyuza, sehemu inayoyeyusha tona, yenye moto wa karibu nyuzijoto 200, maji yaliyomo yanatoka ghafla, ndipo inajiviringisha. Ukiongeza pasi unakausha zaidi. Fanya kinyume: ikishatoka, ilaze chini ya ubao mzito kwenye chumba chenye hewa ya kawaida, ijirudishie unyevu taratibu. Na kabla ya kuprinti usiache bunda wazi. Karatasi hii hutulia penye unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50. Fungua bunda ukiwa tayari, toa chache, funga tena. Kama unaprinti ofisini penye kiyoyozi, acha bunda likiwa limefungwa humohumo tangu jana yake.

Kwenye leza, ingiza moja moja kwa trei ya mkono, fungua mlango wa nyuma ili karatasi itoke imenyooka, na kwenye mpangilio wa karatasi chagua nzito. Hapo printa inaipitisha polepole, tona inapata muda wa kuyeyuka na kushika. Ukiacha kwenye karatasi ya kawaida itabanduka hata bila kukunjwa. Usiweke maua yaliyojaa rangi, kila penye tona nyingi pataongeza kujikunja. Rangi ya damu ya mzee itatoka vizuri. Njano na rangi hafifu zitapotea juu ya kadi ya maziwa, mwambie mapema.

Dhahabu ya printa siikubali, itabaki ugoro siku zote. Kama skrini hauna, chapa majina kwa tona nyeusi, weka juu yake foili ya dhahabu ile inayoshika tona, pitisha kwenye mashine ya laminesheni ndani ya karatasi mbili za kawaida. Foili inashika penye tona tu. Matokeo yake kwenye tresingi ni mazuri kuliko kwenye kadi, kwa sababu uso wake ni laini.

Karatasi ya kuokea keki hapana. Ina silikoni, imetengenezwa kitu kisinate, na tona nayo haitanata, itaishia kwenye fyuza na utanunua fyuza mpya.

mama_kadi_mwanza

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Skrini Temeke, asante pia, wino mweupe nitamwonyesha. Nimejaribu trei ya mkono na mlango wa nyuma wazi, tofauti ni kubwa mno, na tona sasa naikwaruza kwa ukucha haitoki. Bado mkunjo. Ya gramu 112 inafanya mstari uliochanikachanika kama imevunjika, hata nikitumia rula.

ramani_na_ubao

Naomba kuingia hapo, nimechora ramani juu ya tresingi miaka mingi, wakati ule kosa la wino tunalikwangua kwa wembe. Mkunjo wako unavunjika kwa sababu unakunja kukatiza nyuzi. Kata kipande kidogo cha mraba, lowesha upande mmoja kwa kidole chenye maji. Kitajiviringisha chenyewe. Mwelekeo wa bomba litakalofanyika ndio mwelekeo wa nyuzi, kwa sababu uzi ukinywa maji hunenepa zaidi kuliko kurefuka.

A4 nyingi nyuzi zake zinakwenda kwa urefu. Kwa kadi yako unailaza A4 na kukunja sambamba na upande mfupi, yaani kila mkunjo unakata nyuzi. Nunua A3, ipime hivyohivyo, na kama nyuzi zinakwenda na urefu wa sentimita 42, ikate katikati. Utapata A4 mbili ambazo nyuzi zake zinafuata upande mfupi.

mzee_wa_ofseti

Huyu amesema neno lenyewe, mfuate. Ila jua jambo moja: A4 za namna hiyo printa inazipokea kwa shida kidogo, ukingo wa mbele unapenda kujiinua. Ukipata printa ya A3, chapa kwanza, kata baadaye, na gilotini iwe na kisu kikali, karatasi chache kwa mara moja zikiwa katikati ya kadi mbili ngumu.

Kukunja, anza kwa kupiga mfuo: rula ya chuma, peni iliyokwisha wino, chini weka gazeti lililokunjwa. Pitisha mara moja kwa nguvu ya wastani, halafu kunja polepole kwa vidole, na usiubane mkunjo kwa kucha. Kwa kufunika kadi tumia ya gramu 90. Hiyo 112 ibaki kwa karatasi ya ndani isiyokunjwa. Herufi zote zikae mbali na mkunjo.

Na kwa kuwa mstari mweupe upo upo, ufanye kazi. Kwa nyuma, juu ya gazeti hilohilo, chora ua dogo kwa peni butu ukibonyeza taratibu. Kwa mbele litatokeza jeupe bila tone la wino. Kadi 200 ni nyingi kwa mkono, lakini hata ukiweka kwenye kadi za wazazi wa pande zote mbili na wasimamizi, watazitunza.

Gundi acha. Funga kwa utepe mwembamba, au selotepu ya pande mbili ya milimita chache ifichwe chini ya utepe. Kama anataka muhuri wa nta, usiimwage nta ya moto juu ya tresingi, itaikunja. Mwaga juu ya plastiki, gonga muhuri, ikipoa ibandue na uibandike kwa selotepu hiyohiyo.