Windows 7 ya mashine ya kudarizi: naiongezeaje zana za kisasa bila kuivuruga?

Uzi_Mwanjelwa:
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanjelwa, Mbeya, nadarizi nembo kwenye masweta ya shule. Kwa baridi yetu hii kazi ipo mwaka mzima, ila shule zikikaribia kufunguliwa Januari ndiyo hatulali. Mashine inaendeshwa na kompyuta ya Windows 7 ya biti 32, RAM 2 GB. Programu yake haifunguki bila ufunguo wa USB, na draiva ya huo ufunguo inagoma kwenye Windows 10. Kwa hiyo wa "piga chini, weka mpya" naomba wapite tu.

Mpwa wangu anasoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, kaniandikia skripti ya Python inayotumia pyembroidery, maktaba ya kusoma na kuandika faili za kudarizi. Unaipa folda ya michoro, inahesabu mishono ya kila faili, inageuza PES kuwa DST (zote ni aina za faili za kudarizi), na inatoa picha ya PNG ya kumtumia mteja WhatsApp. Bei napanga kwa mishono, na walimu wakuu wanavyojua kuuliza "mbona ghali", hiyo hesabu naihitaji mno. Kwenye laptopu yake inakimbia. Kwangu, folda ya Python 3.12 ya biti 32 aliyonikopia kwenye flashi inalalamika kwamba api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo. Naona tovuti zinaitoa bure. Niishushe?

binti_kihesa:
Kamwene kaka. Usiishushe! Hilo faili ni mlango wa kuingilia kazi zilizomo ndani ya Windows 8 na kuendelea. Kwenye 7 nyuma ya mlango hakuna chumba. Na anayekugawia dll bure hujui kaweka nini humo.

Python iliiacha Windows 7 kuanzia toleo la 3.9, mwaka 2020. Wewe chukua 3.8.10 ya biti 32, ndiyo ya mwisho kwenye mfululizo wa 3.8 kutolewa na kisakinishi cha Windows. Hakikisha una Service Pack 1 na sasisho la KB2533623. pip, kisakinishi cha maktaba za Python, yenyewe itakutafutia matoleo ya maktaba yanayokubali 3.8.

Halafu mwambie mpwa apitie skripti. Kama katumia `match`, hiyo imeanza 3.10, aibadilishe iwe if na elif. Akiandika `list[str]` nayo itagoma, imeanza 3.9. Ni kazi ya jioni moja kwa kijana wa MUST.

jero_tu:
Si aweke WSL tu, ile Linux inayokaa ndani ya Windows?

binti_kihesa:
WSL imeanzia Windows 10. Na usije na Cygwin, zile zana za Linux kwa Windows, nayo iliacha biti 32 ilipofika toleo la 3.4.

mkinga_wa_makete:
Dada kasema kweli, ila 3.8 iliacha kufanyiwa matengenezo Oktoba 2024, na kila zana mpya itakurudisha kwenye mjadala huu huu. Mimi ningeiacha kompyuta idarizi tu, zana zikae pembeni. Una simu ya Android isiyo na kazi? Weka Termux, programu inayokupa dirisha la amri la Linux kwenye simu, kutoka F-Droid, duka la programu huria, kisha:

pkg install python openssh
pip install pyembroidery
passwd
sshd

Hiyo sshd ndiyo inayoiruhusu kompyuta kuingia kwenye simu na kuiamuru; simu inasikiliza kwenye poti 8022. Zima data, ichomeke kwa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB: kompyuta na simu zinaonana bila Windows 7 kutoka nje. Kwenye kompyuta andika `ipconfig`. Anwani ya Default Gateway ndiyo simu yako. Kisha chukua pscp (ya kuhamisha faili) na plink (ya kutuma amri) za PuTTY, uandike faili moja la .bat: pscp ipeleke michoro, plink iamuru skripti, pscp irudishe DST na PNG. Unabonyeza mara mbili, unaendelea kukata nyuzi.

Angalia tu: baadhi ya simu hubadilisha anwani kila ukichomeka upya, na nyingine huzima programu za nyuma zenyewe. Kwa hilo la pili andika `termux-wake-lock`.

Uzi_Mwanjelwa:
Asanteni sana. Nimemuuliza mpwa, `match` ipo sehemu mbili, anarekebisha. Msimu huu nitatumia 3.8.10, siwezi kujifunza jipya huku wazazi wamejaa mlangoni. Ila hiyo ya simu imenikaa. Nina ya zamani, kioo kimepasuka, upande wa kulia haugusiki. Itafaa kweli?

mkinga_wa_makete:
Itafaa. sshd ikishawaka, maandishi yote unapiga kwenye kibodi ya kompyuta. Simu ikizimika ndiyo utalazimika kuigusa tena, na hapo ni kuandika herufi nne: sshd. Jaribu sasa hivi kama h na Enter zinagusika, kabla hujahangaika na mengine.