Ushawishi wa Wagiriki wa kale: ulianzia wapi, na mbinu zake zilitumikaje hasa?

MwalimuMdahalo

Wakuu, salaam. Naandaa vipindi sita vya mdahalo kwa wanafunzi wa kidato cha tano na nimekwama kwenye msingi. Kila andiko ninaloshika linasema Aristotle alitaja njia tatu za kushawishi: ethosi (tabia ya msemaji), pathosi (hisia za wasikilizaji) na logosi (hoja yenyewe). Likishasema hayo linaishia hapo. Mwanafunzi anakariri maneno matatu, lakini akisimama mbele ya wenzake hajui aanze na lipi.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Fani hii ilizaliwa kutokana na shida gani huko Ugiriki? Na mbinu zenyewe zilifanywaje, na huharibikia wapi? La nyongeza: hii ndiyo balagha tunayoisoma kwenye fasihi, au ni kitu kingine?

---

Karani_wa_Baraza

Mwalimu, anza na mahakama, usianze na Aristotle. Yeye aliikuta fani hii ina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Mapokeo yanaipeleka asili yake Syracuse, kisiwani Sisilia, mnamo miaka ya 460 KK. Watawala wa mabavu walikuwa wamenyang'anya watu ardhi na kuwagawia askari wa kukodiwa. Walipong'olewa, wenye ardhi wakaenda kudai. Mwenye shahidi alimleta shahidi, lakini asiye na shahidi alibaki na neno moja: "yaelekea". Wagiriki waliiita hoja hiyo eikosi, na waliotajwa kuwa wa kwanza kuifundisha ni Corax na Tisias.

Mfano wao maarufu ni huu. Mtu mnyonge anashitakiwa kwa kumpiga pande la mtu. Anajitetea: je, yaelekea mimi nilivyo nimvamie huyu? Sasa mgeuze mshitakiwa awe ndiye mwenye nguvu. Naye anayo ya kusema: nilijua fika kwamba mimi ndiye wa kwanza kushukiwa, je, yaelekea ningethubutu? Hapo wanafunzi wako waone nguvu ya hoja hii na udhaifu wake kwa pamoja. Ikisimama peke yake, mpinzani anaigeuza. Lazima ifungwe kwenye jambo mahususi lililotokea.

Athens ndiko ilikokomaa, kwa sababu ya jinsi mahakama zao zilivyoendeshwa. Mwenye shauri alisema mwenyewe, hakuna wakili wala hakimu wa kuwafafanulia sheria waamuzi. Waamuzi walikuwa raia wa kawaida waliopatikana kwa kura: 201 katika shauri la watu binafsi, 401 likizidi drakma 1,000 (drakma ni sarafu yao), na 501 au zaidi katika mashauri ya umma. Walisikiliza pande mbili, kisha wakapiga kura ya siri hapo hapo bila kujadiliana. Kwa hiyo kosa la msemaji halikuwa na nafasi ya pili ya kurekebishwa katika mashauriano ya waamuzi.

Halafu kuna saa ya maji, na hapa naomba usipite haraka. Ni mtungi wenye kijibomba cha shaba chini. Karibu na ukingo wa juu una tundu la kumwaga ziada, ili asipatikane mtu wa kujaziwa zaidi ya mwenzake. Mmoja uliofukuliwa kwenye soko la kale la Athens unabeba khoe 2, yaani kama lita 6.4, na huisha kwa takriban dakika 6. Shauri la zaidi ya drakma 5,000 lilipewa khoe 10 kwa hotuba ya kwanza na 3 kwa ya pili. Kati ya 1,000 na 5,000, khoe 7 na 2. Chini ya hapo, 5 na 2. Khoe 5 ni kama robo saa tu. Katika mashauri hayo ya binafsi maji yalizibwa karani aliposoma sheria au ushahidi, kwa hiyo mwandishi mjanja alipanga nyaraka zisomwe na karani, akabakiza maji yake kwa kazi ambayo nyaraka haziwezi kufanya.

Waliotunga hotuba hizo kwa malipo, kina Antiphon, Lysias, Isaeus na Demosthenes, walimwandikia mteja naye akaikariri. Gorgias wa Leontini, aliyefika Athens kama balozi mwaka 427 KK, aliwashangaza watu kwa mapigo na mizani ya sentensi zake. Kwa darasa lako naona Lysias ana faida zaidi.

---

HojaNzito

Nakubaliana na Karani, na niendelee na huyo Lysias, maana kuna hotuba yake moja inayojibu swali la "nianze na lipi".

Mteja anaitwa Euphiletos. Amemuua Eratosthenes baada ya kumfumania na mkewe. Sheria ilimruhusu mume aliyefumania kuua, lakini ndugu wa marehemu wanadai kwamba Euphiletos alimtegea mtego. Kwa hiyo shauri zima linasimama juu ya jambo moja: je, alipanga?

Angalia anavyosimulia. Nyumba yake ni ya ghorofa, wanawake juu na wanaume chini. Mtoto alipozaliwa, wakabadilishana ili mama asiteleze ngazini akishuka kumwosha mtoto. Usiku mmoja mume karudi kutoka shamba bila kutarajiwa. Mtoto analia chini, anamwambia mke ashuke amnyonyeshe. Mke anatania kwamba anafukuzwa ili mume abaki na kijakazi, anacheka, anatoka, anafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Alfajiri anarudi. Mume anauliza mbona milango ililia usiku. Taa ya mtoto ilizimika, anajibu, nikaenda kuiwasha kwa jirani. Mume anaona uso wa mke umepakwa poda, na kaka wa mke huyo hajatimiza siku thelathini tangu afariki. Ananyamaza.

Hakuna sentensi hata moja hapo inayosema "mimi ni mtu mkweli nisiye na hila". Lakini mwamuzi aliyesikia habari ya ngazi, ufunguo na poda ameshaamua moyoni kwamba huyu ni mume mwepesi wa kuamini kupita kiasi, wala si mtu wa kupanga mitego. Hiyo ndiyo ethosi. Aristotle anasisitiza kwamba imani kwa msemaji itokane na hotuba yenyewe, si sifa alizokuja nazo. Anataja vitu vitatu vinavyoijenga: busara, uadilifu na nia njema kwa wasikilizaji. Kikikosekana kimoja, viwili vingine havitoshi. Mwenye busara na uadilifu asiyewatakia mema wasikilizaji anaweza kujua shauri lililo bora na asiwape.

Baada ya masimulizi ndipo "yaelekea" inaingia, na sasa imefungwa kwenye matukio. Jioni ile Euphiletos alikula na rafiki yake Sostratos, kisha akamwacha aende kwake. Kijakazi alipokuja kumwambia kwamba Eratosthenes yumo ndani, alizunguka nyumba za watu usiku. Wengine hawakuwapo nyumbani, wengine hawakuwapo mjini. Akawachukua aliowakuta. Kisha anawauliza waamuzi: mwenye kupanga kuua angemruhusu rafiki aondoke akabaki peke yake? Asingewaambia watu mapema wamsubiri? Mpinzani hawezi kuigeuza hoja hii kirahisi kama ile ya mnyonge na mbabe, kwa sababu imeshikiliwa na Sostratos na majirani.

Kwa hiyo mpangilio wa kuwafundisha: utangulizi, masimulizi, uthibitisho, hitimisho. Aristotle mwenyewe anasema sehemu za lazima ni mbili tu, kueleza jambo na kulithibitisha. Ninaloona likiharibu zaidi ni utangulizi mrefu. Mwenye dakika 6 akitumia 2 kusalimia na kujieleza, theluthi ya maji imekwenda. La pili ni masimulizi yenye kila kitu. Chukua kila jambo kwenye masimulizi ujiulize litatumika wapi katika uthibitisho au litamjengea nani imani. Poda inatumika, ngazi inatumika. Lisilo na kazi litoke.

---

mtepe

Karani ameeleza vizuri, ila niongeze kidogo: habari za Corax zimetufikia kupitia waandishi wa baadaye, na wako watafiti wanaodhani Corax na Tisias ni mtu mmoja. Corax kwa Kigiriki ni kunguru, huenda lilikuwa jina la utani.

Mwalimu, hatua ya kwanza kabisa, kabla ya mpangilio wowote, ni kujua unabishania nini. Aristotle anagawa hotuba mara tatu. Ya barazani inahusu yajayo, na kipimo chake ni faida au hasara. Ya mahakamani inahusu yaliyopita, kipimo ni haki au dhuluma. Ya hafla inasifu au kulaumu, zaidi kwa wakati uliopo, kipimo ni heshima au aibu. Wasemaji wengi wanashindwa kwa kutumia kipimo cha mahakama katika jambo la baraza.

Wape darasa shauri la Mytilene, 427 KK. Mji huo uliasi dhidi ya Athens, ukashindwa. Baraza la Athens likapitisha wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa na amri. Kesho yake watu wakaingiwa na shaka, mjadala ukafunguliwa upya. Mwanasiasa Cleon akasema kwa hasira: wametudhulumu, waadhibiwe. Diodotus akasimama kumpinga, na hakuomba huruma hata kidogo. Angeweza kusema watu hawa hawana hatia wote, akaanguka, kwa maana angekuwa amekubali kushindania uwanja wa Cleon. Alisema hivi: hatuko mahakamani, tunashauriana kuhusu faida yetu. Mji ulioasi ukijua utaangamizwa vyovyote vile, hautasalimu amri mapema. Tutalipa gharama za kuuzingira, na tukiuteka tutapokea magofu yasiyoweza kulipa kodi. Tena watu wa kawaida katika miji hii ni marafiki zetu, tukiwaua pamoja na wakubwa wao tutawasukuma wote upande wa wakubwa.

Kura zilikaribiana sana, Diodotus akashinda. Merikebu ya pili ikatoka mbio, wapiga makasia wakila unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta huku wakivuta, wakilala kwa zamu. Ikafika amri ya kwanza ikiwa tayari imesomwa, kabla haijatekelezwa. Hata hivyo watu zaidi kidogo ya 1,000 waliotajwa kuwa viongozi wa uasi waliuawa Athens, kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba kila mtu alipona.

Kuhusu pathosi, tatizo ni kwamba watu hudhani ni kupaza sauti au kulia. Kwa Aristotle kila hisia ina mambo matatu ya kuchunguza: mtu huwa katika hali gani anapoihisi, humhisia nani, na kwa sababu zipi. Hasira, kwa mfano, inatokana na kudharauliwa pasipo haki, wewe au watu wako. Ukitaka wasikilizaji wakasirike, onyesha dharau yenyewe: nani aliitenda, kwa nani, bila haki gani. Ukikosa moja ya hayo matatu hasira haiwaki. Huruma nayo inataka mateso yasiyostahiliwa ambayo msikilizaji anaona yanaweza kumpata yeye au wa kwake. Ndiyo maana takwimu peke yake hazimwingizi mtu huruma.

Na balagha: neno letu ni la Kiarabu, na fani ya balagha ya Waarabu inashughulikia zaidi ufasaha na uzuri wa usemi. Kitabu cha Aristotle kilipoingia Kiarabu kiliitwa kwa jina la Khataba, lenye mzizi mmoja na hotuba na hatibu, nacho kikafafanuliwa na wanafalsafa kina al-Farabi na Ibn Rushd. Kwa hiyo ukisema "swali la balagha" uko kwenye mtindo, ambao kwa Aristotle ni sehemu moja tu ya fani hii. Kuthibitisha na kupanga ni zaidi ya hapo.

---

MwalimuMdahalo

Asanteni sana wakuu, hili la kipimo cha baraza na kipimo cha mahakama sikuwa nimeliona kabisa. Limebaki moja. Wanafunzi wangu wakiishiwa hoja wanakimbilia methali. Wagiriki walilichukuliaje hilo? Na logosi, je, kuna namna ya kuifanyia mazoezi?

---

Karani_wa_Baraza

Methali zina nafasi yake. Aristotle anasema wasikilizaji hufurahi kusikia likisemwa kwa ujumla jambo ambalo wao wamelishuhudia mmoja mmoja. Ila anaonya kwamba zinawafaa watu wazima, tena katika mambo waliyoyapitia. Kijana akitoa methali juu ya jambo asilolijua anaonekana amekariri. Na methali ikiwa inapingika, lazima ufuatishe sababu yake papo hapo.

Zoezi la logosi ni enthimema, hoja ambayo sehemu yake moja anaijaza msikilizaji. Aristotle anatoa mfano wa Dorieus: ukitaka kusema ameshinda shindano lenye tuzo ya taji, inatosha kusema ameshinda Olimpia. Habari ya taji kila mtu anaijua. Fanya hivi: mwanafunzi aandike hoja yake kwa mistari mitatu kamili. Mkandarasi aliyejenga vibaya asipewe kazi nyingine. Huyu barabara yake imebomoka kabla ya masika. Basi asipewe daraja. Kisha afute mstari ambao wasikilizaji wataujaza wenyewe, hapa ni wa kwanza. Abakize miwili aiseme kwa sauti. Halafu mwenzake aseme mstari uliofutwa ni upi. Akitaja mwingine, au akisema haukubali, hoja imevunjika hapo, na mwanafunzi arudishe mstari ule na kuutetea. Hoja nyingi hufa kwenye mstari uliofutwa ambao msemaji alidhani wote wanaukubali.

Halafu wafundishe aina mbili za dalili. Ipo dalili isiyokanushika: ana maziwa, basi amezaa. Ipo inayokanushika hata ikiwa ya kweli: anahema haraka, basi ana homa. Mtu anaweza kuhema kwa sababu amepanda mlima. Waandikie ubaoni "dalili ya mvua ni mawingu", kila mmoja aseme ni ya aina gani na kwa nini, kisha wachukue hoja tatu za mdahalo uliopita na kuzipanga katika aina hizo mbili. Zile zilizoangukia upande wa mawingu ndizo zinazohitaji dalili ya pili au shahidi kabla ya kupandishwa jukwaani.