MREJESHO: Mpira unaodunda kupita kiasi uwanjani Mbeya

Wakuu, niliuliza kwa nini mpira namba 5 uliojazwa upepo Dar unafika Mbeya mgumu na haushikiki mguuni. Asanteni, majibu yenu yamefanya kazi.

Sababu kubwa ni mwinuko. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya nje ni nyepesi, basi ya ndani inasukuma zaidi. Mpira wa psi 9 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) Dar unasoma kama 11 na nusu huku. Baridi inapunguza psi 1 hivi, haitoshi kufidia. Kwa hiyo geji ipimwe hapahapa uwanjani, mpira ukiwa umekaa nje nusu saa, si ukitoka tu kwenye buti la gari lenye joto.

Sheria ya soka inaruhusu psi 8.5 hadi 15.6. Kiangazi, uwanja ukikauka kama sakafu, 8.5 hadi 9 inatosha kabisa. Masika pandisheni hadi 11, maana tope linakula mdundo.

Kwa mvua za huku, mpira ambao vipande vyake vimeungwa kwa joto ni bora: wa kushonwa hunywa maji kwenye mishono na kuwa mzito. Ila wa kushonwa una faida yake, fundi viatu anaufumua na kubadilisha bladda, yaani mfuko wa ndani unaoshika upepo.

Sindano ya pampu ilowesheni kwa tone la glisirini. Ikiingia kavu inachana valvu (tundu la kujazia upepo), hapo upepo unatoka polepole na mtalaumu bladda bure. Grisi msiguse, inaharibu mpira wa valvu.