Darasa nyuzi 13, hosteli nyuzi 28, na jibu tunalopewa ni "mtazoea"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Niko Harbin, kaskazini mwa China, mwaka wa tatu uhandisi wa majengo. Kwa wasiopajua, Januari usiku huku ni nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri, mto Songhua unaganda watu wanatembea juu yake. Hilo silalamikii. Baridi ya nje nilijua nakuja kuikuta na nguo ninazo. Nalalamikia baridi ya NDANI, darasani, kwenye mji ambao joto la mabomba huwashwa kuanzia Oktoba 20 hadi Aprili 20.

Leo saa 2 asubuhi nimeingia darasani na kipimajoto changu. Nyuzi 13! Kioo cha dirisha kina barafu kwa ndani. Nilitoa khanga aliyonipa mama nikaziba ufa wa fremu, maana upepo ulikuwa unanipiga shingoni. Kipindi kilipoisha ncha ya khanga imegandia pale, nimeibandua taratibu isichanike. Nimeandika notsi na glovu, mwandiko hata mimi siuelewi.

Nikaenda kwa msimamizi wa jengo. Akasema, "Ninyi mmetoka nchi za joto, mtazoea." Mtazoea?! Wenzetu Wachina waliozaliwa mji huu huu walikuwa wamefunga makoti hadi kidevuni, nao wametoka Tanga? Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2018 kuwa nyumba za nchi za baridi zisishuke chini ya nyuzi 18. Hapa hatuzungumzii udhaifu wa Mwafrika.

Sasa rudi hosteli. Nyuzi 28, na rejeta ya ukutani, ile ya maji moto inayopasha chumba joto, haina koki ya kulipunguza. Hewa kavu mpaka pua inatoka damu. Ili tulale inabidi tufungue dirisha, joto lililochomewa makaa ya mawe linakwenda angani, huku darasani watu wanatetemeka.

Kinachoniuma ni kwamba sababu inajulikana. Majengo haya ya zamani yamefungwa bomba moja: maji moto yanapita rejeta ya kwanza, yanatoka yanaingia ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Wa mwanzo anaungua, wa mwisho anapata maji yaliyopoa. Darasa letu liko mwisho wa mstari, kwenye kona, upande wa kaskazini. Na hata hewa ikifika nyuzi 18, ukikaa kando ya kioo kilichoganda mwili unaendelea kupoteza joto kuelekea kwenye kioo. Profesa Fanger wa Denmark aliyaandika haya mwaka 1970, na chuoni tunafundishwa hesabu zake. Tunafundishwa ndani ya chumba hicho hicho!

Wenzetu wa Wuhan na Nanjing najua mna hali mbaya zaidi, huko hakuna mabomba ya joto ya mji mzima kama huku. Poleni sana.

Hatujaomba jengo jipya. Tunataka koki kwenye kila rejeta, mpira kwenye fremu za madirisha, na mtu aje apime darasa asubuhi, asije saa 8 mchana jengo likiwa limeshapata joto kidogo.

Mlioko Urusi na Kanada, mliwahi kupeleka malalamiko ya namna hii yakasikilizwa? Mlianzia kwa nani? Jumatatu tuna mtihani wa masaa matatu kwenye chumba hicho.